Jinsi Kijiji Kinavyotenga na Kusimamia Msitu Wake wa Hifadhi: Mwongozo Kamili kwa Vijiji vya Tanzania Bara

Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu ya eneo hilo iko ndani ya ardhi ya vijiji. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ya vijijini haijatengwa wala kutangazwa, kwa hiyo kila mwenye shoka huingia. Akija mfanyabiashara mwenye kibali alichokipata kwingine, wanakijiji hubaki kando ya barabara wakihesabu malori. Mwongozo huu unahusu njia moja ya kuiondoa hali hiyo, nayo ni kutangaza Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ikisomwa pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982.

Njia hii haikubuniwa ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ilipotaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa hifadhi yake, wananchi wa vijiji vinane vinavyoumiliki hawakuridhia, na badala yake wakaanza kuulinda wenyewe kwa sheria ndogo na walinzi wao. Mgori mkoani Singida ulifuata, kisha msitu wa SULEDO wilayani Kiteto, ambao mwaka 2002 ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta, tuzo ya kimataifa kwa jamii zinazotunza maliasili. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na sheria iliyofuata ziliandikwa wakati mifano hiyo tayari ipo na inafanya kazi.

Kabla ya kuanza: msitu ni wa nani?

Swali hili hurukwa mara nyingi, na kijiji hugundua baadaye kwamba kimetumia mwaka mzima kupanga msitu usio wake. Ikiwa msitu ni hifadhi ya Serikali Kuu au ya Halmashauri ya Wilaya, kijiji kinaweza kuingia mkataba wa usimamizi wa pamoja tu. Katika mkataba huo mwenye msitu hubaki kuwa Serikali, na kijiji hupata haki na mgawo uliokubaliwa. Ikiwa msitu uko ndani ya mipaka ya ardhi ya kijiji na haumo katika hifadhi ya mtu mwingine yeyote, hapo ndipo kijiji kinaweza kuutangaza kuwa wake, kuusimamia chenyewe na kubaki na mapato yake. Wasomaji wa Zanzibar wafuate sheria yao ya misitu ya mwaka 1996 na mikataba yake ya jamii. Kwa wa Kenya, ushiriki wa jamii katika misitu ya umma hupitia vyama vya jamii vya misitu vinavyosaini mikataba, na mantiki yake inakaribia ile ya usimamizi wa pamoja niliyoitaja.

Kwa hiyo nenda kwanza kwenye masijala ya ardhi ya wilaya. Tafuta Cheti cha Ardhi ya Kijiji na ramani yake ya upimaji, kisha muulize Ofisa Misitu wa Wilaya na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kama kuna hifadhi yoyote inayogusa eneo hilo. Ikiwa kijiji hakina cheti, anza nacho, kwa sababu kila hatua inayofuata itaegemea mpaka uliomo ndani yake. Ni vyema pia kuwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaoandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, unaoonyesha wapi ni mashamba, wapi ni malisho, wapi ni makazi na wapi ni msitu. Msitu uliochorwa kwenye mpango huo ni mgumu sana kumegwa kwa siri.

Hatua ya kwanza: Mkutano Mkuu wa Kijiji

Wenye uamuzi wa mwisho kuhusu ardhi ya jumuiya ni wanakijiji wenyewe, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wakiwa wamekaa katika Mkutano Mkuu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, husimamia ardhi kwa niaba yao, lakini haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu migogoro mingi niliyoishuhudia ilianzia hapo: viongozi wanne watano walikubaliana na mradi au na mwekezaji, wakaja kuwaarifu wananchi kilichokwisha kuamuliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imeweka hata kizingiti cha uhaulishaji. Ardhi ya kijiji isiyofikia hekta 250 haihamishwi kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, bila Mkutano Mkuu kuridhia, na inayozidi hapo huamuliwa na Waziri baada ya mkutano huo kutoa mapendekezo yake.

Tangazeni mkutano mapema, katika kila kitongoji, na muandike ajenda ya msitu waziwazi badala ya kuificha chini ya "mengineyo". Muhtasari utaje idadi ya waliohudhuria, wanaume kwa wanawake, hoja zilizotolewa, waliopinga na sababu zao, pamoja na uamuzi. Orodha ya mahudhurio yenye saini ibandikwe nyuma yake. Atakayekuja kuhoji uhalali wa msitu baada ya miaka kumi ataomba karatasi hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo tengenezeni nakala tatu na moja isikae kijijini.

Hatua ya pili: Kamati ya Maliasili

Mkutano Mkuu huchagua Kamati ya Maliasili ya Kijiji, ambayo ni mkono wa Halmashauri ya Kijiji katika mambo ya msitu na inawajibika kwake. Kila kitongoji kiwe na mjumbe, na wanawake wawemo kwa idadi inayoweza kubadilisha uamuzi. Wao ndio wanaojua kuni zinapotoka, mizizi ya dawa inapochimbwa na uyoga unapoota, na ndio watakaoathirika kwanza eneo likifungwa. Warina asali na wafugaji wawe na watu wao. Mwenyekiti wa Kijiji asiwe mwenyekiti wa kamati, maana atakuwa anajikagua mwenyewe, na mfanyabiashara wa mbao anayeishi kijijini asichaguliwe hata kama ndiye mwenye pikipiki ya doria.

Hatua ya tatu: kutembea mpaka

Mpaka hautembewi na kamati peke yake. Waalikeni viongozi na wazee wa kila kijiji jirani, mpite nao mguu kwa mguu, mchukue alama za GPS kwenye kila kona na mwandike muhtasari palepale porini. Katika kijiji kimoja cha kusini nilichofuatana na kamati yake, tulikuwa tumekwisha kupaka rangi nyekundu kwenye mkongo mmoja mkubwa wakati mzee wa kijiji jirani aliposimama mbele yake na kusema kwa utulivu kwamba mpaka ni korongo lililo chini, si mti huo. Kati ya mti na korongo palikuwa na kama mita mia nne. Tuliacha kupaka rangi, tukakaa chini ya mkongo huohuo mpaka jua likapinda, na mwishowe vijiji viwili vikakubali kwamba korongo ndilo mpaka, kwa sharti kwamba makaburi ya zamani yaliyo ng'ambo yaendelee kutembelewa na pande zote. Laiti tungeendelea na rangi yetu, mgogoro ungekuja miaka miwili baadaye ukiwa na mapanga.

Mpaka ukikubaliwa, pakeni rangi kwenye miti inayoonekana kutoka njiani, wekeni vibao mahali ambapo barabara inaingia msituni, na safisheni ukanda wa kinga moto kila mwaka kabla nyasi hazijakauka.

Hatua ya nne: kupima kilichomo

Hii ndiyo Tathmini Shirikishi ya Rasilimali za Misitu, na inafanywa na wanakijiji wakisaidiwa na Ofisa Misitu. Vifaa vyake ni vichache: utepe wa kupimia, GPS, chaki, daftari, panga na fimbo yenye urefu wa mita 1.3. Fimbo hiyo huegemezwa kwenye shina, kwa sababu kipenyo cha mti hupimwa kwenye kimo hicho cha kifua; bila fimbo mjumbe mrefu na mjumbe mfupi watapima miti miwili tofauti ndani ya mti mmoja.

Mnapima vipande vya sampuli vilivyotawanywa kwa utaratibu, si pale ambapo miti ni mizuri. Hebu tuchukue mfano wa kukokotoa. Mmepima vipande 60, kila kimoja kikiwa mita 50 kwa mita 20, yaani hekta 0.1. Jumla ni hekta 6. Ndani yake mmekuta mininga 3 tu iliyofikia ukubwa wa kuvunwa, ambayo ni sawa na nusu mti kwa kila hekta. Kama eneo la uvunaji lina hekta 1,200, makadirio ni mininga 600. Mkiamua kuvuna kwa zamu ili eneo lote lipitiwe mara moja katika miaka 30, mnaweza kuvuna miti 20 kwa mwaka. Ila miti mitatu ni ushahidi mdogo mno, na mtu mwangalifu ataandika 12 au 15 katika mpango wake, kisha apime upya baada ya miaka mitano. Kila spishi ihesabiwe peke yake. Mpingo hukua polepole sana, na kanuni haziruhusu uvunwe ukiwa chini ya kipenyo cha sentimita 24, kwa hiyo msitu unaweza kuwa na mipingo mingi na bado usiwe na wa kuvunwa.

Hatua ya tano: mpango wa usimamizi na sheria ndogo

Mpango ugawe msitu katika maeneo ya matumizi. Vyanzo vya maji na kingo za mito vibaki bila kuguswa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka hapo. Maeneo ya matambiko nayo yatengwe, na wazee ndio wayaonyeshe. Panapobaki, amueni wapi pa mbao, wapi pa nguzo na kuni za nyumbani, wapi pa mizinga na wapi pa malisho.

Suala la malisho lishughulikiwe kwa uaminifu. Kijiji cha wakulima kikiandika tu "mifugo hairuhusiwi", kimewafukuza kwa kalamu majirani ambao wamekuwa wakipita hapo kila kiangazi tangu kabla kijiji hakijasajiliwa, nao watapita tu, usiku. Kilichofanya kazi zaidi mahali ambapo wakulima na wafugaji wanachangia msitu, kama Kiteto, ni kukubaliana kuhusu msimu, njia za mifugo na maeneo ya kunywesha, na kuwaweka wafugaji wenyewe kwenye doria.

Kama mnataka mkaa, uwekeni kwenye mpango badala ya kujifanya haupo. Vijiji kadhaa vya Kilosa, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, viligawa eneo la mkaa katika vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupishana kama viboksi vya bao la drafti, kwa mzunguko wa miaka 24. Miombo huchipua kutoka kwenye visiki, na ndiyo maana masharti makuu mawili ni kwamba kisiki haking'olewi wala kuchomwa, na kitalu kilichovunwa hakilimwi. Pakilimwa, hapo hapana tena msitu.

Sheria ndogo ziwe fupi na ziseme mambo manne: kipi ni bure kwa mwanakijiji, kipi kinahitaji kibali na ada yake, kipi ni marufuku, na adhabu ni ipi. Kiwango cha faini kisizidi kile kinachoruhusiwa kwa sheria ndogo za kijiji. Mwulizeni mwanasheria wa halmashauri kabla ya kuandika tarakimu. Halmashauri ya Kijiji huzipendekeza, Mkutano Mkuu huzijadili na kuzipitisha, Kamati ya Maendeleo ya Kata huzipitia, kisha Baraza la Madiwani huziidhinisha. Mpaka baraza liidhinishe, faini yoyote mnayotoza inaweza kubatilishwa mahakamani.

Hapa ndipo faili hulala. Najua kijiji ambacho sheria zake ndogo zilirudishwa kutoka wilayani baada ya miezi saba kwa sababu ukurasa wa kwanza ulisema hekta 2,310 na ramani ikasema hekta 2,130. Hakuna aliyewapigia simu. Faili lilikaa tu mpaka katibu wa kamati alipopanda basi kwenda kuuliza. Kabla ya kupeleka nyaraka, hakikisheni kwamba jina la msitu, ukubwa wake, tarehe za mikutano na namba za alama za mpaka zinafanana katika muhtasari, mpango, sheria ndogo na ramani. Baada ya kupeleka, ombeni barua ya kupokelewa yenye mhuri, na mjue tarehe ya kikao kijacho cha madiwani.

Hatua ya sita: kuuza bila kuibiwa

Msitu ukishatangazwa na kijiji, na sheria ndogo zake zikiwa zimeidhinishwa, kijiji kina haki ambazo hakikuwa nazo awali. Kinapanga bei zake, kinabaki na mapato yake na faini zake, na kinaweza kutaifisha mazao yaliyovunwa kinyume cha sheria. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa, vikisaidiwa na shirika la Mpingo, vilifika mbali zaidi: mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii.

Mnunuzi aandike barua ya maombi kwa Halmashauri ya Kijiji. Kamati iangalie kama miti anayoitaka imo katika kiasi cha mwaka huo, mkataba usainiwe ukitaja spishi, idadi, bei kwa meta za ujazo na tarehe ya kumaliza, na fedha ziingie benki kabla shoka halijagusa mti. Miti ichaguliwe na kamati na kuwekwa alama, si kuchaguliwa na mnunuzi.

Baada ya kukata, pimeni wenyewe. Ujazo wa gogo hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.785, kisha kwa urefu, vipimo vyote vikiwa katika meta. Gogo lenye kipenyo cha meta 0.50 na urefu wa meta 2.2 lina meta za ujazo 0.43. Mpimaji wa mnunuzi akibana utepe hadi usome 0.45, gogo lilelile linakuwa na 0.35, na kijiji kimepoteza karibu sehemu moja ya tano ya bei yake bila mtu kuiba chochote kinachoonekana. Kwa magogo 40, hiyo ni zaidi ya meta 3 za ujazo. Wajumbe wawili wafunzwe hesabu hii mpaka waifanye kwenye kiganja cha mkono, na kipenyo kipimwe katikati ya gogo, au kwenye ncha zote mbili na kutafutiwa wastani. Kisha magogo yagongwe alama kwa nyundo maalumu, mnunuzi apewe stakabadhi, na hati ya kusafirishia, ambayo wengi huiita TP, itolewe na mamlaka husika. Gogo lisilo na alama ya nyundo lisipite kizuizi cha kijiji, hata kama dereva anamjua Mtendaji.

Hatua ya saba: fedha, doria na kumbukumbu

Fungueni akaunti ya msitu peke yake, yenye watia saini kutoka Halmashauri ya Kijiji na Kamati. Mkutano Mkuu ndio ugawe mapato: kiasi cha doria na posho, kiasi cha upimaji upya na kinga moto, na kilichobaki kwa maendeleo. Posho ilipwe kwa siku ya doria iliyoandikwa kwenye daftari, na daftari hilo lionyeshe njia iliyopitiwa, kilichoonekana, aliyekamatwa na hatua iliyochukuliwa. Mtuhumiwa apewe stakabadhi ya faini au apelekwe kwenye vyombo vya sheria. Hapigwi, wala baiskeli yake haigeuki kuwa ya mjumbe.

Mapato na matumizi yasomwe katika kila Mkutano Mkuu wa robo mwaka na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote. Kamati inayokwepa mkutano mara mbili mfululizo iitiwe mkutano wa dharura, kwa sababu nimeona msitu mzuri ukimalizwa na watu waliochaguliwa kuulinda, ndani ya kiangazi kimoja ambacho hakuna aliyeuliza hesabu.

Msitu ukiwa umesimamiwa kwa miaka isiyopungua mitatu, kijiji kinaweza kumwomba Mkurugenzi wa Misitu, kupitia halmashauri ya wilaya, ili msitu utangazwe katika Gazeti la Serikali. Sheria hailazimishi kijiji kufika huko ndipo kiwe na haki zake, lakini msitu uliotangazwa gazetini huonekana katika kumbukumbu za taifa, na ofisi nyingine ikitaka kupitisha barabara, mgodi au shamba kubwa, haitaweza kudai kwamba haikujua. Ambatisheni muhtasari wa mkutano wa kwanza, ramani, mpango, sheria ndogo zilizoidhinishwa na taarifa za miaka hiyo mitatu. Mpango wenyewe pitieni upya kila baada ya miaka mitano, mkianza na kurudi kwenye vipande vilevile vya sampuli, na fimbo ileile ya mita 1.3.